Goti Mpaka Kisigino

Chumba hiki kina kazi nyingi kuliko mimi.
Asubuhi ni cha cherehani na pasi,
alasiri Drago hujifungia humo na tarumbeta yake,
na rafu nzima imejaa mitungi ya jamu ya plamu,
mingine ina tarehe, mingine tumeisahau.
Sasa, tangu barua ya Jumanne,
kiwe pia cha Ludvik.

Kaka yangu hajavuka kizingiti chetu miaka kumi na mmoja,
na ni vipandio viwili tu kutoka barabarani.
Tulikosana kwa saa ya ukutani ya mama,
saa ambayo, Mungu shahidi, haikuwahi kwenda sawa.
Huko Trieste wamemtia nyonga mpya, ya kulia.
Asiiname, wamesema. Asikae chini sana.

"Nunua godoro la kupuliza," Drago akasema,
"akiondoka tunalikunja."
Mzee wa miaka sabini na moja, nimlaze juu ya puto!
Asubuhi tumwinue kwa winchi?

Dukani nilivua viatu nikalala kwa ubavu wa kushoto,
kama atakavyolala yeye.
Sofa ya kufunguka: mchana bibi harusi,
usiku ina chuma katikati ya mgongo,
kama neno lililosemwa mezani likaachwa palepale.
Kitanda cha kushuka kutoka ukutani:
kikishuka, cherehani itoke,
na mgeni ajue kila jioni kwamba kuna aliyehamishwa.
Chenye droo kilinivutia, kwa vitambaa vyangu,
ila kifupi, cha mtu mwenye nyonga zake za kuzaliwa.
Tilen, kijana wa duka, alitazama vibandiko vya bei kwa heshima.
"Ni cha nani, mama?"
"Cha mgeni," nikasema,
na neno likanikwama kama uzi uliojifunga fundo chini ya sindano.

Nilirudi Maribor yangu mikono mitupu.

Chini ya zipu na vifungo visivyo na wenzake
kuna daftari la wateja, jalada la kijani.
Ludvik, suti ya harusi.
Kifua tisini na sita. Kiuno themanini na mbili
(alivuta tumbo; nikamwambia, pumua, mjinga wewe).
Goti mpaka kisigino: arobaini na tisa.

Kiuno huongopa. Kifua husinyaa.
Mfupa wa muundi haukusikia ugomvi wetu.

Kesho yake nikarudi na futi shingoni.
Nilikandamiza magodoro kwa viganja, kwa uzito wote nilionao,
nikapima kutoka sakafuni,
nikaongeza vidole viwili kwa ajili ya hiyo nyonga.
Nikachukua cha mti mgumu, matendegu manene,
mfumbati wa kushika mtu anapoinuka.
"Hakikunjiki," Drago akalalamika. "Kitakaa wapi?"
"Kitakaa."
Cherehani ikaenda dirishani, tarumbeta jikoni.
Jamu tukaanza kuila.

Usiku wa kuamkia siku yake nililala humo mimi.
Ndipo nikaona nisichowahi kukiona nikiwa nimesimama:
taa ya barabarani hupenya pengo la pazia
na kumtua mtu machoni, mchagoni kabisa.
Saa nane za usiku nilikuwa nashona.

Akaja. Mkongojo, begi dogo, nywele zimekwisha.
Tulipeana mikono kama watu wa benki.
Akaketi ukingoni mwa kitanda,
nami sikumtazama uso, nilitazama miguu.
Nyayo zote mbili zilitua sakafuni, bapa.

Asante hakusema.
Alikibonyeza kitanda mara moja, akaigeukia cherehani.
"Bado inaruka mishono?"
"Mara mojamoja."
"Kesho nitaitazama," akasema,
na kwa kuwa haruhusiwi kuinama
akaninyooshea mguu, bila haya,
nimvue kiatu.