Karatasi ya Gramu Mia Tatu

Ghorofa ya tatu, kichochoroni Euljiro,
chini yetu mashine za chapa zinakohoa tangu alfajiri
na wino wa magenta umeniganda kuchani
kama hina ya harusi ya mtu mwingine.

Kazi yangu ni kuivika sauti nguo.
Waniletea wimbo, naupima bega na kiuno,
kisha nasema: huu ni wa karatasi ya kung'aa,
huu wa kadibodi kavu, rangi ya unga wa shayiri.
Vijana wa magitaa mazito hutaka weusi juu ya weusi,
jina lionekane tu ukiliinamisha kwenye taa.
Waimbaji wa mapenzi ya taratibu huomba ukungu,
dirisha, kikombe, na nafasi tupu pana
(utupu huo, usidanganyike, ndio ghali kuliko vyote).
Na wale wasichana saba wa kampuni ya ng'ambo ya mto,
albamu yao ni sanduku: kitabu cha picha, vibandiko, utepe,
na kadi moja ya siri, uso mmoja kati ya saba,
hata mnunuzi anunue sita akimtafuta ampendaye.
Diski yenyewe? Ipo chini kabisa.
Wengi hawana hata cha kuichezea.

Kizuri chajiuza, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwahi kukaa mkutanoni na Bwana Maeng wa mauzo.

Jumanne akaja Tak Mun-sik, miaka sabini na mitatu,
koti lake la vimetameta bado limo kwenye mfuko wa dobi.
Zamani kaseti zake ziliuzwa kwenye vituo vya barabara kuu,
kando ya viazi vya kuoka na glavu za madereva:
muziki wa trot, hatua mbili mbele,
kilio na kicheko vimelala kitanda kimoja.
Jaladani waridi jekundu, herufi za manjano
zimevimba kama maandazi,
na rangi zimepishana, hivyo ana midomo miwili.
Sasa wanamrudisha kwa santuri nzito,
kwa vijana wapendao vya kale
mradi vya kale viwe vimeogeshwa.

Nikamwonyesha kazi yangu ya wiki tatu.
Kijivu na bluu tu. Nimemfuta makunyanzi,
waridi nimelifanya mstari mmoja mwembamba.
Nilijivunia, sikatai.

Akavaa miwani. Akanyamaza
muda wa mashine ya chini kula rimu nzima.
"Huyu namjua," akasema. "Ni mpwa wangu. Anafanya kazi benki."
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akatoa mfukoni kaseti moja, jalada limepauka, lina doa la supu.
"Dereva wa malori ya makaa ndiye aliyenirudishia.
Akiiona midomo hii miwili usiku, njia ya Donghae,
alijua kuna mwingine aliye macho.
Mimi sikuwa mzuri, binti. Nilikuwa wa kuonekana kwa mbali."

Usiku ule nikashuka kwa Bi Bang Ok-rye, fundi wa chapa,
nikamwomba asogeze magenta milimita mbili kulia.
Akanitazama kama niliyetukana kaburi la mamaye.
"Miaka thelathini," akasema, "nalipwa nisifanye hivyo."
Lakini akasogeza. Akaguna. Akasogeza tena, nusu milimita,
akarudi nyuma hatua tano, mikono kiunoni.
"Hapo," akasema. "Hapo ndipo palipokuwa."

Bwana Maeng alipiga simu mara nne.
Madukani zimerudi nakala kumi na moja,
kila moja na kijikaratasi: imechapwa vibaya.
Sikuzitupa. Nimezipanga dirishani, zatazama nje,
midomo ishirini na miwili juu ya kichochoro,
na jana, saa tisa za usiku,
kijana wa kusukuma mkokoteni wa karatasi
alisimama chini ya taa, akainua uso,
akawasha sigara, akaendelea na njia.