Faini ya Kitabu

Fuso ya Sanga ilipanda Kitulo na vitabu,
ile ile inayoshusha viazi Mbeya,
turubai bado lina udongo wa lumbesa za jana.
Tope la Machi likaikamata chini ya shamba la pareto
likasema: hapa hupiti.

Basi tukashuka na watoto wa la tano na la sita,
masanduku ishirini na moja kichwani,
na Ilse, mgeni wetu, lake begani
(kichwani lilimteleza mara mbili; tukacheka, naye akacheka),
akisema "kamwene" kwa kila aliyepita,
hata kwa ng'ombe.
Ng'ombe wa Kitulo ni wapole. Hakuna aliyemnyima salamu.

Darasani harufu ilitangulia kutoka, vitabu vikafuata:
harufu ya nyumba kavu,
ya mahali ambapo kuta hazitoi jasho.
Sitadanganya. Kilikuwamo kitabu cha kupika kamba wa baharini.
Kilikuwamo cha kodi za nchi ambayo hatujawahi kuilipa kodi.
Mwalimu Mkuu akavipokea vyote kwa mikono miwili.

Nilikuwa kwenye sanduku la tisa
Enesi Tweve, wa nyuma, wa dirisha lisilo na kioo,
alipochomoa kimoja chenye mbweha jaladani.
Mbweha hakumtazama. Alifungulia mwisho,
akakuta kimfuko cha karatasi, na ndani yake kadi,
na majina kwa wino wa mikono mbalimbali:
Birgit. Holger. Birgit tena. Anneke.
Chini yake muhuri wa zambarau. Akauliza maana,
Ilse akausoma, nami nikautafsiri:
kirudishwe kabla ya tarehe 9 Novemba 1987.

Enesi akasimama.
"Mwalimu, tumechelewa."
"Tumechelewa nini?"
"Kukirudisha. Faini yake shilingi ngapi?"

Darasa likaangua kicheko.
Ilse, nilipomweleza, alianza kucheka, kisha akaacha,
akavua miwani, akaifuta muda mrefu
kuliko uchafu uliokuwapo.

Kesho yake, kabla ya kengele,
viazi saba mlangoni pa ofisi, vimeoshwa,
ndani ya kopo la rangi.
"Ni vya Birgit," Enesi alisema. "Yeye alikisoma mara mbili."

Ndege ingevikataa, na Birgit hatujui anakaa wapi,
huenda sasa naye ni bibi wa mtu.
Tukavichemsha. Tukavila tumesimama, kwa chumvi,
walimu wanne na mgeni,
kwa niaba yake.

Sasa ni Juni. Sakitu imetandika nyasi nyeupe hadi saa tatu,
watoto wanaandika mikono ikiwa mikavu kama maganda.
Ilse alisharudi kwao. Kabati lina kufuli, ufunguo ninao mimi,
na wale kamba wa baharini wamelala, hakuna anayewasumbua.

Mbweha hayumo.
Kabla hajaondoka niliiona kadi:
chini ya Anneke, kwa penseli iliyokandamizwa
mpaka herufi zikatokea upande wa pili,
Enesi Tweve.
Tarehe ya kurudisha ameiacha wazi.

Nasikia anamsomea bibi yake jikoni, moshi wa msindano machoni,
na neno asilolijua halirukii,
analitungia la Kikinga.
Nasikia mbweha sasa analima viazi,
na ana deni dukani.

Sijamdai kitabu.