Sharubu la Arobaini na Saba

Chui-milia jike, ameganda ukingoni mwa mto Bikin,
mguu mmoja kaukunja kama paka wa jikoni.
Mzee Geonka ndiye aliyemwona.
Akazunguka mbali asikanyage nyayo zake,
akatembea kilomita kumi na tisa hadi kwenye simu.
Hukugusa kitu? Nilimuuliza mara tatu, fomu inataka hivyo.
Mara ya tatu akacheka: "Larisa, nina miaka sabini na nne.
Nikiiba, nitaiba kitu cha kula."

Maiti haulizwi sanda,
ila sanda ya huyu ilikuwa na maswali kurasa sita.
Urefu wa mkia. Uzito, kwa mzani wa viazi,
maana wetu ulikatika mnyororo.
Kucha kumi na nane. Meno ishirini na tisa,
moja alilizika kitambo shingoni mwa nguruwe mwitu.
Masharubu arobaini na sita.
Kila kitu kina bei ng'ambo ya mpaka,
ndiyo maana hapa kila kitu kina namba.

Alipokuwa hai, sheria ilikaa mjini
na petroli ya wiki moja kwa mwezi.
Amekufa, imekuja na gari, mihuri, plastiki nyeusi,
na mimi.

Kijijini Zinaida alinisubiri langoni.
Jino linamuuma mwanawe tangu Jumapili.
"Sharubu moja tu. Bibi yangu angejua la kufanya nalo."
Nikamsomea kifungu. Ninayo sauti yangu ya vifungu.
"Alipozaa, watoto hawakwenda kuchuma matunda.
Alipokula mbwa wetu, tulinyamaza.
Leo hatuna hata unywele?"
Hamna, nikasema. Hata mimi sina.
Marehemu huyu hakuacha mrithi;
atakayeonekana na chake ni mwizi.
Nikampa vidonge viwili vya maumivu, vyangu mwenyewe.

Usiku nakausha glavu juu ya jiko,
kitu kikanichoma kidole.
Jeupe, gumu, refu kama sindano ya kufumia,
limejishona ndani ya sufu.

Nilikaa nalo mezani. Chai ikapoa.
Nani angejua? Muhuri umegongwa, mwili uko kwenye friza,
Alhamisi utateketezwa wote, ngozi na mifupa,
asiupate mwenye duka wala mwenye dawa.
Nikaligusisha shavuni.
Basi hivi ndivyo alivyoupima upana wa giza,
kwa ncha hii, kati ya mti na mti.

Saa nane nikawasha gari.
Mlinzi akafungua na ndara zake za nyumbani.
Nikaikata ile sita kwa mstari mmoja,
nikaandika saba, nikatia saini pembeni, na tarehe.
"Kwa unywele?" akauliza.

Friza ilikuwa inanguruma.
Nikaliweka karibu na mdomo, upande wa kushoto;
nadhani ndiko lilikotoka.