Mbili Nukta Sifuri

Barua iliniingilia simuni saa tano usiku
nikiwa nakunja mashuka ya hoteli, Duluth, Januari,
ziwa limeganda hadi macho yanapokoma.
"Mpendwa Tuulia Haapala," ilianza,
kwa adabu ya benki inayokudai.
Wastani: moja nukta sita.
Muhula mmoja chini ya uangalizi.
Nisipofikisha mbili, nifungashe.

Nikamaliza zamu. Mashuka hayasubiri msiba.

Krismasi Baba alikuwa ameniuliza, "Masomo je?"
Nikasema, "Yanaenda."
Na kweli yalikuwa yanaenda. Sikumwambia wapi.
Yeye hupakia madini ya chuma melini,
na mimi ndiye mwenye kikombe cha hisabati
juu ya friji yao kule Eveleth.

Habari za ufa na ukuta nilizisikia tangu utotoni;
hakuna aliyeniambia kuwa ufa hauna sauti.
Kemia ilianza saa mbili asubuhi,
zamu iliisha saa nane usiku.
Nikakosa kipindi. Nikaona haya kurudi.
Nikakosa cha pili kwa haya ya cha kwanza,
cha tatu kwa haya ya cha pili,
hadi mlango wa darasa ukawa
kama mlango wa mtu niliyemkopa.

Kwa mshauri, Bi Delphine Ostrander,
nilikwenda nikikariri utetezi njia nzima.
Hakuutaka. Aliigeuza barua, akachukua penseli,
akapiga hesabu mgongoni mwake:
krediti ishirini na nane nyuma yangu, kumi na mbili mbele.
"B nne zinakuvusha. Ukiteleza C moja,
tafuta A moja iilipie."
Kisha akauliza, "Unalala saa ngapi, Tuulia?"

Hapo ndipo nilipolia.
Si kwa ajili ya F; F nilishaizoea.
Bibi yangu alisema jina langu ni upepo.
Yule mama alilitamka polepole, irabu ikamkatikia,
nikasikia kama ananiambia: tulia.

Nikaacha zamu mbili kati ya nne,
nikala uji wa shayiri usio na sukari hadi Machi.
Nikairudia kemia, kiti cha mbele,
miongoni mwa watoto walionizidi usingizi.
Kaozoua Vue, aliyefundisha wenzake maktabani,
alinieleza moli kwa trei ya mayai:
"Ni dazeni tu. Dazeni yenye kiburi."
Nikacheka. Nikaelewa. Sijui kipi kilitangulia.

Siku nilipomwambia Baba, simu ilikaa kimya
mpaka nikalisikia friji lao likinguruma.
"Hiyo mbili," akasema, "ni mbili ya ngapi?"
"Ya nne."
"Nusu." Akafikiri.
"Nusu shehena tumeshasafirisha."
Wiki iliyofuata posta ilileta saa yake ya kengele,
imeviringishwa ndani ya soksi.

Historia nilipata C.
Mtihani uliangukia asubuhi ya baada ya harusi,
mashuka mia mbili, mengine yana divai.
Kemia, A. Hiyo hata mimi niliisoma mara tatu.
Mengine mawili, B kwa B.
Mbili nukta sifuri mbili.

Barua ya Mei ilikuwa fupi kuliko ile ya Januari.
Hata "mpendwa" waliisahau.
Nje, meli ilikuwa ikiomba daraja linyanyuliwe,
na mimi nakunja lile shuka lenye mpira pembeni,
lisilokubali kuwa mraba kwa mtu yeyote.
Pembe ndani ya pembe. Linafura.
Nalibana kwa kidevu, nalikunja hivyo hivyo,
naliweka rafuni juu ya wenzake,
natazama saa.
Kesho kengele ni kumi na mbili na nusu.