Iache Nje Usiku Mmoja

Amekuja tena Wilber Ancasi, kijana wa tai nyembamba,
na sanduku la kijivu amelikumbatia kama mgonjwa.
Amelitua juu ya benchi langu hapa Uyuni
kati ya betri kumi na saba zinazongoja chaji.
"Mama Fortunata," anasema, "zama za risasi zimekwisha."

Namsikiliza. Kila mwaka kuna wa kusikilizwa.
Kwanza walikuja wa lithiamu, na helmeti ambazo hazijapata mkwaruzo,
wakapigwa picha wakichota maji ya chumvi kwa viganja,
wakasema jangwa letu jeupe litawasha dunia.
Kaka yangu Casimiro aliuza lama kumi na wanne
akanunua lori la kubebea utajiri huo.
Lori lipo.
Linawashwa kwa betri ya risasi.

Kisha wakaja wa betri kavu, isiyo na tone ndani.
Mwakani, walisema. Mwakani ikafika,
nayo ikasema: mwakani.

Sasa ni chumvi.
Chumvi ile ile tuliyoambiwa ni takataka, tuisogeze lithiamu ipite.
"Sodiamu," anasema Wilber, "ni chumvi tu, mama."
Nilicheka mpaka mate yakanipalia.
Babu aliikata kwa shoka, akaisafirisha siku tisa
hadi mabonde ya mahindi, gunia kwa gunia,
na wala hakujua kwamba lama wake wamebeba umeme.

Mimi si adui wa kipya.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda,
lakini kovu hili la mkononi nilipewa na cha zamani:
asidi, mwaka niliomzaa Remedios.
Aibu za risasi nazijua. Nzito kama deni.
Ukiisahau wiki tatu, inakufa kwa kinyongo.
Na wale wanaoiyeyusha nyuma ya soko,
watoto wao huchelewa kusema.
Hilo sitalifunika kwa kitambaa.

Ila ikifa, najua imefia wapi.
Naifungua, naikuta seli iliyooza,
na mabaki yake fundi wa Oruro ananunua kwa kilo.
Hii yako, Wilber, ikizimika usiku nyikani,
nitaifungulia wapi?
"Haifunguliwi," anasema. "Imefungwa kiwandani."
Anasema kwa fahari.

Usiache mbachao kwa msala upitao.
Na msala huu unapita na karatasi zinazong'aa,
mstari unaopanda kuliko mlima Tunupa,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
*vipimo vya maabara, nyuzi joto ishirini na tano.*
Ishirini na tano!
Hapa Julai maji ya mbwa tunayavunja kwa nyundo.

Nikamwambia: na karatasi sina ugomvi.
Iache nje usiku mmoja,
ndani ya lori la Casimiro, bila blanketi.
Akatazama viatu vyake.
Akautazama mlango.
Kisha, haki yake nampa, akasema, "Sawa."

Saa kumi na moja alfajiri, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
Casimiro akazungusha ufunguo.
Lori likakohoa mara moja,
likanguruma.
Wilber alirukaruka kwenye barafu, tai imemganda shingoni,
na mimi, nakiri, moyo ulinidunda,
ingawa sikujua kama ni furaha
au ni hizi kumi na saba nilizozionea huruma.

Nikachukua daftari langu la jalada la kijani,
nikaandika: *Asubuhi ya kwanza. Imewaka.*
Chini yake nikapiga mistari mitupu, kurasa nane.
"Umeandika moja tu?" akauliza.
"Ndiyo iliyofika," nikamjibu.

Nikarudi ndani kuziongeza maji zile za zamani.
Casimiro hakuzima injini.
Hakuthubutu.