Fundi Saa Ahukumu Filamu

Nisikilizeni au msinisikilize; Jumatano zangu nimezilipia.
Miaka ishirini na sita, safu ya tatu, kiti cha nane,
kile chenye springi iliyochoka,
katika sinema ya viti arobaini mjini Košice,
chini ya duka la viatu, ukipita stoo ya makaa.
Mimi ni fundi saa. Dakika naijua ikiwa uchi,
bila mshale wala namba.
Kwa hiyo mtu asinidanganye kwamba filamu ndefu ina kina.
Kisima nacho huwa kirefu, na bado kikakauka.

Nianze na chuki, niimalize upesi.

Siipendi ile ya Wafaransa wawili na jiko lao.
Wanaachana tangu supu hadi jibini,
wanajadili mapenzi kama mawakili kwenye mirathi,
na hakuna hata mmoja anayeosha sahani.
Vavrinec, shemeji yangu, alilia.
Nikamtazama yeye badala ya skrini;
angalau machozi yake yalikuwa na chumvi.

Wala ile ya msituni, yenye tuzo tatu.
Mwongozaji alikuja kwa treni kutufafanulia:
ukungu ni Ulaya, mbwa ni kumbukumbu,
na yule bibi asiyesema ni... nimesahau, kanisa au benki.
Niliinua mkono: huyo mbwa, anakula nini?
Ukumbi ukacheka.
Akanijibu, kwa tabasamu la daktari wa meno,
kwamba asiyejua maana haambiwi maana.
Sawa. Lakini mbavu zilihesabika, bwana,
na mbwa hakuwa akiigiza.

Ile ya bata bukini sitaisema.
Walimchinja kweli, mbele ya kamera, polepole, ili tufikiri.
Nilitoka. Otília wa tiketi alinirudishia euro zangu nne
bila kuuliza, akanisukumia dirishani
kipande cha keki ya mbegu za popi.
Mpaka leo sijafikiri. Nimekasirika tu.

Haya. Mapenzi.

Naipenda ile ya kutoka Aislandi, mtu anasubiri kifurushi.
Posta inafunguliwa, posta inafungwa. Anauliza. Bado.
Theluji inapanda hadi dirishani. Anauliza. Bado.
Dakika ya sabini karani analitaja jina lake
kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa,
na mimi, mtu mzima na mvi zangu,
nikaushika mkono wa kiti cha jirani.
Hapo ndipo taa ya projekta ilipopasuka.
Hatukuimaliza, na haikuletwa tena.
Vavrinec anashikilia kuwa kifurushi kilifika.
Otília anasema hakikuwahi kutumwa.
Mimi kifurushi hakinihusu. Ninalo lile jina, lilivyotamkwa.

Na naipenda, japo ilinitesa, ile ya Wabelgiji:
mjane anapiga pasi mashati ya marehemu. Ishirini na moja.
Nilipima, ndiyo kazi yangu,
dakika tatu na nusu kila shati,
muziki hakuna, mvuke tu.
Shati la tano niliwalaani waliotoa fedha zao kuitengeneza.
La tisa nikaona kwamba huanzia kwenye kola.
La kumi na tatu akaanzia mkono wa kushoto,
kama anayemvisha mtu mwenye bega bovu.
La kumi na nane halina kifungo.
Anasimama. Anaiweka pasi. Anapiga magoti kutafuta,
chini ya kabati, chini ya zulia,
na ukumbini hakuna aliyekohoa.
Alitafuta kwa muda gani? Sijui.
Mimi. Sijui.

Nilipotoka, Otília aliuliza ilikuwaje.
"Ndefu," nikamwambia.
Akanitazama usoni, kisha koti.
"Kesho uje nalo," akasema.
"Hicho cha pili kinaning'inia tangu Novemba."

Kwenye tramu Vavrinec, aliyelala tangu shati la nne,
alilalamika kwamba imekwisha haraka.