Saa ya Mfukoni

Nilikuwa mkuu wa stesheni, Kitami,
na kwa miaka thelathini na miwili treni haikunitoroka hata dakika.
Nilipostaafu wakanipa chumba cha usuluhishi,
ghorofa ya pili: jiko la mafuta ya taa, viti vinne,
dirisha linalotazama theluji.
Saa yangu nikaenda nayo.

Desturi ya pale, wagombanao hawaketi pamoja.
Huingia mmoja, mwenziwe akangoja ukumbini,
kisha hupishana mlangoni
kama treni mbili zenye reli moja.

Dada mtu, Itsue, alifika kwa basi la alfajiri kutoka Sapporo
na faili la risiti: kila yeni aliyomtumia mama.
Nilimpa dakika thelathini.
Alimaliza kwa ishirini na tisa, akainamisha kichwa.

Kaka mtu, Morihiko, ana kigugumizi.
Dakika thelathini.
"Ma-mama," alisema. "Mi-mi-miguu yake."
Kisha shamba la vitunguu. Kisha miguu tena.
Nikafunika saa. "Muda umekwisha. Sawa?"
"Sawa," akajibu,
neno pekee lililomtoka bila kukwama.

Sawa.
Usiku kucha lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Niligawa dakika kama akataye mkate wa mchele kwa uzi,
na mmoja akarudi nyumbani na njaa.

Kikao cha pili, saa ilibaki kwenye koti.
Bi Kuzuhara, msuluhishi mwenzangu, alimimina chai, ikapoa,
akamimina nyingine.
Polepole, silabi baada ya silabi, tukasikia
beseni, maji ya vuguvugu, kila jioni, miaka sita;
na kwamba nyumba haitaki,
anataka tu dada aje alione shamba
kabla halijauzwa.

Ukumbini Itsue alikuwa amesimama.
"Basi langu limeondoka," alisema.
"Kwa kuwa nasema vizuri, ndiyo nisikilizwe kidogo?
Leo aliyepunjwa ni mimi."

Alisema kweli. Sikuwa na jibu;
sinalo hadi leo.
Nilimsogezea kiti karibu na jiko
nikakaa naye kungoja basi la usiku,
bila kalamu.

Alinyamaza kitambo, faili magotini.
"Alisema nini kuhusu miguu?"

"Muulize," nikamwambia.
"Yuko chini, mlangoni.
Bado anafunga kamba za viatu."